Breketi za taa za ziada za pikipiki: adui ni mtikisiko, si uzito

Taa ya ziada ya LED, pamoja na bolti zake, mara nyingi haifiki hata nusu kilo. Kipande chembamba cha bati kinaibeba bila kupinda, na hapo ndipo wanaojitengenezea breketi, yaani kipande cha kuishikia taa, wanapodanganyika. Breketi haikatiki kwa uzito wa taa. Inakatika kwa sababu injini na barabara vinaitikisa bila kupumzika mpaka chuma kichoke. Ufa huanza kama unywele kwenye mkunjo au ukingoni mwa tundu, kisha siku moja taa inaning'inia kwa waya wake, sentimita chache tu kutoka gurudumu la mbele.

Kwa hiyo kabla ya kushika msumeno, amua mambo mawili: urefu na unene. Ukirefusha mkono wa breketi mara mbili, ugumu wake unashuka hadi sehemu moja ya nane. Ukiongeza unene kutoka milimita 3 hadi 5, ugumu unapanda zaidi ya mara nne. Fanya hesabu uone: breketi ya milimita 60 yenye unene wa 3 hutulia kuliko ya milimita 120 yenye unene wa 5. Sogeza taa karibu na bolti kadiri nafasi inavyoruhusu.

Chuma laini bapa cha upana wa milimita 25 na unene wa 3 kinatosha kwa taa nyingi. Aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu nyekundu, lakini ugumu wake ni kama theluthi moja tu ya chuma, hivyo ianzie milimita 5. Tena aluminiamu ngumu haipendi mkunjo mkali. Upande wa nje hupasuka papo hapo, au hubaki na nyufa zisizoonekana. Chuma kilichopakwa zinki usikichomelee kabla ya kuikwangua zinki yote, maana moshi wake ni sumu.

Mahali pa kufungia pawe na bolti tayari. Usitoboe fremu wala foku (miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele), na bolti za kalipa ya breki usiziguse. Bolti za madigadi ya mbele zinavutia kwa urahisi wake, lakini sehemu hiyo iko chini ya springi na hupokea kila shimo la barabara bila kupunguziwa. Panapofaa zaidi ni kile kipande kinachoziunganisha foku mbili chini ya usukani, vishikio vya taa kuu, au bomba la kinga ya injini. Taa zikifungwa kwenye foku zitageuka pamoja na usukani; zikiwa kwenye bomba la kinga zitabaki zikitazama mbele hata unapokata kona.

Anza na kadibodi. Ikate, ikunje, ifunge mahali pake, kisha zungusha usukani kushoto na kulia hadi mwisho, na ubonyeze foku mpaka zishuke. Kumbuka kwamba kwa mkono hufikishi foku mwisho wa safari yake, kwa hiyo pima chuma kinachong'aa cha foku kilichobaki na uhakikishe taa haitagusa madigadi hata kikiisha chote. Angalia pia kwamba taa haizibi upepo wa rejeta wala honi.

Unapohamisha kipimo kwenye chuma, mkunjo wa nyuzi 90 hubadili urefu. Kwa chuma cha milimita 3, breketi yenye miguu ya milimita 60 na 40 kwa vipimo vya nje huhitaji takribani milimita 95 za chuma, si 100. Kata 105, kunja, kisha punguza ziada. Kwenye jiliwa, usikunjie juu ya ukingo mkali wa taya. Weka kipande cha bomba au chuma kilichoviringwa ili kona ya ndani iwe na mviringo usiopungua unene wa chuma chenyewe. Kwa aluminiamu, mara mbili hadi tatu ya unene wake.

Tundu hutobolewa baada ya kukunja. Lililotobolewa mapema karibu na mkunjo huvutika na kuwa umbo la yai. Gonga alama kwa panchi, anza na keekee ya milimita 3, fuata na 5, umalizie na 6.5 kwa bolti ya M6 au 8.5 kwa M8, ukidondosha mafuta. Chuma kiwe kimebanwa jiliwani. Kikishikwa kwa mkono, keekee ikinasa kinazunguka kama panga. Viringisha kona zote kwa tupa na uondoe kingo kali za matundu pande zote mbili. Kazi hii huonekana ya urembo, kumbe kila mkwaruzo ulioachwa ni mwanzo wa ufa. Kisha praima mikono miwili, halafu rangi.

Kwenye bomba la kinga, kunja ukanda wa chuma kwa kuuzungushia bomba la kipenyo kilekile, ndani uweke mpira wa tyubu kuukuu. Kati ya masikio mawili ya ukanda ibaki nafasi ya milimita 2 au 3 bolti ikiwa imekaza. Masikio yakigusana kabla bomba halijabanwa, taa itazunguka kila ukipita kwenye tuta.

Bolti ya zamani sasa ni fupi kwa unene wa breketi na washa. Nunua ndefu kwa kiasi hichohicho, si zaidi. Iliyozidi hugonga mwisho wa tundu na kukudanganya kwamba imekaza. Panapotumika nati, iwe yenye nailoni ndani.

Breketi yenye mpira haipitishi umeme vizuri, kwa hiyo vuta waya wa hasi hadi betrini. Taa mbili za LED za wati 20 kila moja hutumia takribani ampea 3.3 kwa volti 12: waya wa milimita mraba 1.5 na fyuzi ya ampea 5 karibu na betri. Kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme, waya wa pini namba 30 hutoka betrini kupitia fyuzi, 87 huenda kwenye taa, 85 na 86 ni za kuiwasha. Kwa kawaida huwashwa na waya wa taa kuu ya mwanga mkali, ili ukipunguza mwanga kwa anayekuja nazo zizime. Baadhi ya pikipiki ndogo huendesha taa kuu kwa umeme geu (AC) usiopitia betri. Hapo rilei italia mfululizo badala ya kushika. Chukua umeme wa kuiwashia kwenye waya unaopata nguvu ufunguo ukiwashwa, uweke na swichi yake.

Lenga taa ukiwa umekaa kitini, mita 5 kutoka ukutani. Kitovu cha mwanga kiwe sentimita 5 chini ya urefu wa taa yenyewe kutoka ardhini. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza tena kila bolti, piga mstari wa rangi kutoka nati hadi kwenye breketi, na kila unapoosha pikipiki tazama mstari huo pamoja na kona ya mkunjo. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba pale konani ni ufa wa chuma. Usiuchomelee, tengeneza breketi nyingine, fupi zaidi.