Pilau isiyo na rangi, mahamri yasiyofura: yanayosemwa jikoni na ukweli wake

Chakula cha shughuli kikiharibika, lawama hutupiwa kiungo: masala hayakuwa mazuri, hamira imekwisha nguvu, nazi ilikuwa mbovu. Mara chache ndivyo ilivyo. Mara nyingi kosa liko kwenye moto, maji au muda, na kuongeza kiungo juu ya kosa hilo huzidisha hasara.

"Rangi ya pilau hutoka kwenye masala"

Hutoka kwenye vitunguu. Kwa kilo 1 ya mchele tumia vitunguu maji vikubwa 4 au 5, vilivyokatwa vyembamba kwa unene mmoja, na mafuta mililita 150 hadi 200. Ukichanganya vipande vinene na vyembamba, vyembamba vitaungua wakati vinene bado vyeupe. Moto uwe wa kati. Dakika 10 za mwanzo vitatoa maji na kulainika tu, kisha vitaanza kugeuka, na hapo usiondoke jikoni: kutoka rangi ya dhahabu hadi weusi ni dakika 2 au pungufu. Vikifika kahawia iliyokoza, mimina upawa mmoja wa supu ya nyama ili visiendelee kuungua, ndipo utie kitunguu saumu na tangawizi. Hivi viwili vikitangulia huungua kabla kitunguu maji hakijageuka rangi.

Vitunguu vikiwa vyeusi, mwaga uanze upya. Uchungu wake hauondolewi na nyanya wala sukari. Anayeongeza masala ili apate rangi huishia na wali wa kijivujivu wenye ukali wa karafuu. Kwa kilo 1 vinatosha vijiko 2 vya chakula vya binzari nyembamba (bizari ya pilau), iliki 8 hadi 10, karafuu 6, vijiti 2 vya mdalasini na kijiko 1 cha chai cha pilipili manga. Soya sosi itatia rangi, sawa, lakini itatia pia chumvi na ladha ya jiko jingine kabisa.

"Mchele kikombe kimoja, maji vikombe viwili"

Kipimo hiki kinaweza kufaa kwa sufuria ndogo ya nyumbani. Kwenye sufuria ya shughuli ndicho kinachogeuza pilau kuwa bokoboko.

Mchele wenyewe hunywa maji yanayokaribia ujazo wake. Yanayozidi hapo ni ya kutoka kama mvuke, na mvuke hauongezeki kwa kadiri mchele unavyoongezeka. Hutegemea upana wa sufuria, mfuniko na muda wa kuchemka. Kilo 1 ni kama vikombe 5 vya mililita 250, na vikombe 6½ hadi 7 vya maji vinatosha. Kilo 5 ni vikombe 25, na maji yake ni vikombe 28 hadi 30, yaani lita 7 hadi 7½. Ukifuata "kimoja kwa viwili" ungemimina lita 12½. Mchele uliolowekwa nusu saa umekwisha kunywa sehemu yake, basi punguza kama kikombe 1 kwa kila kilo. Mchele mpya wa msimu nao hunywa kidogo kuliko uliokaa ghalani. Supu uliyochemshia nyama ihesabiwe ndani ya maji hayo. Wengi hupima maji vizuri kisha wakaongeza supu juu yake.

Maji yakikauka usawa wa mchele, punguza moto kabisa, funika vizuri na uupalie mfuniko kwa makaa machache kwa dakika 15 hadi 20. Anayetumia gesi aweke kikaango cha chapati chini ya sufuria ili moto usambae. Wali ukiwa mbichi juu na mbichimbichi katikati, usikoroge: kukoroga huvunja punje na kutoa wanga. Nyunyiza robo kikombe cha maji ya moto, funika kwa karatasi ya foili chini ya mfuniko, uache dakika 10 nyingine.

"Mahamri hayafuri kwa sababu hamira ni chache"

Hamira huumua unga. Ule uwazi wa ndani, ambao ndio fahari ya hamri, hufanywa na mvuke: maji yaliyomo kwenye unga yanageuka mvuke kwa ghafla na kutenganisha ngozi ya juu na ya chini. Kwa hiyo unene wa kusukuma na joto la mafuta vina neno kubwa kuliko kijiko cha ziada cha hamira.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano: sukari gramu 100, hamira ya papo hapo kijiko 1½ cha chai, iliki iliyosagwa nusu kijiko cha chai, na tui vuguvugu mililita 280 hadi 300, ukilimimina kidogo kidogo kwa kuwa unga hutofautiana. Tui likiwa la moto kiasi cha kidole kushindwa kukaa ndani, litaua hamira. Ikifika nyuzi 60 haifanyi kazi tena. Kanda dakika 10. Kwa joto la Mombasa au Dar es Salaam unga huumuka mara mbili kwa muda wa saa moja hivi, lakini kwa baridi ya Nairobi au Njombe subiri hata saa 2. Angalia unga, saa iache ukutani.

Sukuma unene wa kama milimita 5. Mwembamba zaidi ya hapo hukauka kama kaki, na mnene hubaki mkate mtupu. Vipande vikatwe, vifunikwe kwa kitambaa, vipumzike dakika 15. Vikikaa muda mrefu humo hujaa vitundu vidogo kama boflo na uwazi hautokei. Mafuta yawe nyuzi 175 hadi 185. Kipande kidogo cha unga kikitumbukizwa kiibuke juu ndani ya sekunde chache. Hamri likielea, limwagie mafuta ya moto mgongoni kwa kijiko hadi livimbe, kisha geuza. Mafuta ya baridi hayatoi mvuke wa ghafla, na hamri hubaki likinyonya mafuta tu.

Hamira ikizidi, unga hunuka pombe na huporomoka. Sukari ikizidi, ngozi hukolea rangi kabla ndani hapajaiva.

"Chumvi hufanya maharage yawe magumu"

Kinyume chake. Chumvi kijiko 1 cha chakula kwa lita 1 ya maji ya kuloweka, usiku kucha, hulainisha ganda, kwa sababu sodiamu huchukua nafasi ya kalisiamu na magnesiamu zinazolishikilia. Vinavyochelewesha kuiva ni vitu vichachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Vitie maharage yakishalainika. Magadi huivisha haraka kweli, ila huharibu vitamini B1 na kuacha ladha ya sabuni. Kama maharage ni ya zamani na huna budi, chukua kiasi kinachoshikwa na ncha za vidole viwili.

Jambo moja lisipuuzwe na walio na sufuria za umeme za kupikia polepole, hasa ndugu walioko Ulaya na Marekani. Maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, ambayo haiharibiki kwa joto la chini. Loweka saa 5 au zaidi, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu dakika 10 kamili (nusu saa ni salama zaidi), ndipo uhamishie huko.

"Tui likikatika, nazi ilikuwa mbovu"

Ni moto mkali. Pikia tui jepesi kwanza, tui zito liingie mwisho kwa moto mdogo, ukikoroga, dakika 5 basi.

"Kaimati zikitoka mafutani ziingie moja kwa moja kwenye shira inayochemka"

Hapo ndipo zinapolegea. Zichuje dakika 2, na shira iwe imeepuliwa na kupoa kidogo. Chemsha sukari vikombe 2 na maji kikombe 1 kwa dakika 8 hadi 10, mpaka tone kati ya vidole livute uzi. Kijiko 1 cha chai cha ndimu huzuia chengachenga, maana huvunja sehemu ya sukari kuwa ya aina nyepesi isiyoganda. Ikishachemka usiikoroge. Tia kaimati chache kwa mara moja, zizungushe hadi zipakike kote, zitoe.

"Kiporo kikipashwa moto hakina neno"

Kiporo cha pilau na chai ya asubuhi hakikataliwi na mtu, na si vibaya kukila. Tatizo ni sufuria iliyoachwa jikoni tangu usiku. Mchele huwa na mbegu za kimelea kiitwacho Bacillus cereus ambazo haziuawi na kuchemka kwa kawaida. Wali ukikaa vuguvugu, mbegu huamka, huzaana na kutoa sumu inayotapisha, na sumu hiyo haiharibiwi na kupasha moto.

Wageni wakishakula, usisubiri sufuria kubwa ipoe yenyewe, kwani katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Tandaza pilau kwenye masinia, unene usiozidi sentimita 5, na iingie kwenye friji kabla ya saa 2 kupita tangu ilipoepuliwa. Kukiwa na joto kali fanya ndani ya saa 1. Iliwe siku inayofuata, ipashwe mara moja tu hadi ifuke mvuke kote. Pasipo friji, gawia majirani usiku uleule.