Dawa ya nywele ikiwasha, ioshwe

Katika saluni za Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, bado mteja huambiwa: "Vumilia kidogo, ikiwasha ndiyo inashika." Si kweli, na inaumiza watu.

Dawa ya kunyoosha, mara nyingi sodiamu haidroksaidi, huvunja viunganishi vya protini ndani ya unywele, na unywele hauna hisia. Kinachowasha ni ngozi ya kichwa, imeanza kuungua. Ikiungua sana huacha kovu, na penye kovu nywele huenda zisiote tena. Hata dawa ya kunyoosha ya watoto huunguza.

Msusi makini hupaka kwanza mafuta ya mgando kwenye ngozi na masikioni, hufuata dakika zilizoandikwa kwenye kopo, kisha huosha kwa shampuu ya kukata dawa. Atakayekuta umejikuna au umefumua misuko asubuhi hiyo atakurudisha nyumbani, na ana haki. Kurudia ni kwa nywele zilizoota upya tu, baada ya wiki 8 hadi 12.

Basi dada, ikianza kuwasha sema, ioshwe hapo hapo, hata kama nywele hazijalala.