Simu haijala utamaduni: dhana nne na ukweli wake

Dhana: Hofu ya teknolojia kuharibu watu imeanza na simu za mkononi.
Imeanza zamani mno. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimnukuu mwalimu wake Socrates akilalamika kwamba maandishi yatawatia watu usahaulifu. Na kwa kweli hakukosea kabisa: mwenye daftari hana haja ya kuhifadhi utenzi mzima kichwani. Kitu fulani kilipotea, kingine kikapatikana.

Dhana: Teknolojia inaua utamaduni.
Mwaka 1989, mjini Nzérékoré nchini Gine, ndugu wawili Wafulani, watu wa Afrika Magharibi, Ibrahima na Abdoulaye Barry, mmoja wa miaka 14 na mwingine 10, walijifungia chumbani kubuni herufi. Kifulani kilikuwa kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo hazitoshelezi sauti zake zote, kwa hiyo barua alizoletewa baba yao zilisomwa kwa kubahatisha. Watoto wale walifumba macho, wakachora mistari, wakafumbua na kuchagua maumbo yaliyowapendeza. Ndivyo ilivyozaliwa Adlam, herufi 28 zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Vitabu vyao vya mwanzo walivinakili kwa mkono. Kikwazo kikubwa kilikuwa kompyuta, ambazo hazikuzitambua herufi hizo. Mwaka 2016 Adlam iliingizwa kwenye Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, na njia ikafunguka ya kumwandikia jamaa aliye mbali ujumbe wa simu kwa herufi hizo hizo. Hapo utasema simu imeua nini? Lugha hufa wazazi wanapoacha kuwasemesha watoto wao. Simu inaweza kuharakisha jambo hilo, au kulichelewesha.

Dhana: Mvumbuzi ndiye anayeamua chombo kitatumikaje.
Mvumbuzi Mmarekani Thomas Edison alipounda mashine ya kunasa sauti mwaka 1877, matumizi aliyoyatanguliza yalikuwa kuandikisha barua bila karani. Watu wakataka muziki. Na nani aliyetufundisha kubipu? Simu imeundwa ili ipokelewe, lakini wenye salio dogo wakaigeuza: iache ilie mara moja kisha ikate, mwenzako ajue umefika salama, mara mbili, akupigie yeye. Lugha nzima bila neno hata moja, na nadhani ni miongoni mwa ubunifu mzuri kuliko wote uliotokana na chombo hicho.

Dhana: Teknolojia ni chombo tu, haina upande.
Hii ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa sababu inasemwa na watu wenye nia njema. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha za rangi zilirekebisha mashine zao kwa kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke mweupe. Rangi ya ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Mtu mweusi akipigwa picha kando ya mweupe, uso wake ulitoka kama kivuli, yakabaki macho na meno. Aliyepigwa picha akidhani kosa ni lake.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walizipima programu za makampuni matatu zinazotambua jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Programu hujifunza kutokana na nyuso inazolishwa, na nyuso zilizojaa kwenye hifadhi za picha zilikuwa za wanaume na za weupe.

Kelele zilipopigwa, makampuni yakasikia. Kipimo cha marudio mwaka 2019 kilikuta yote matatu yamepunguza makosa. Makampuni mengine mawili, ambayo hayakuguswa mara ya kwanza, yalikutwa bado yanawakosea wanawake weusi zaidi ya mara moja katika kila tano.