Je, wajua kwa nini "binti" ni mizani tatu, yaani silabi tatu za kuhesabiwa katika ushairi?

Gawa neno "binti" kama ulivyofundishwa darasani: bi-nti. Mbili. Sasa tazama ubeti huu wa Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa kisiwani Pate mwaka 1858, mama mgonjwa akimuusia bintiye dini na maisha ya ndoa:

Negema wangu binti
mchachefu wa sanati
upulike wasiati
asa ukazingatia

Utendi, yaani shairi refu la beti za mishororo minne, hudai mizani nane kila mshororo. Mitatu ya chini imetimia (m ya "mchachefu" ni mizani kamili). Wa kwanza una saba. Mama kateleza? Hata kidogo. Ughani, usiusome kwa macho: bi-n-ti. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na n yake haikushikana na t tangu kuzaliwa kama m na b za "mbuzi". Inasimama peke yake, inahesabiwa.

Ubeti wa pili unaziweka aina zote mbili jirani:

Maradhi yamenishika
hata yametimu mwaka
sikupata kutamka
neno lema kukwambia

Ku-ta-m-ka: m inajitegemea. Ku-kwa-mbi-a: mb ni pumzi moja. Yote nane kwa nane.

Vina navyo ni vyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Shika, mwaka, kutamka: silabi ya mwisho tu ndiyo inayolingana, wala hakuna kina cha kati kama kwenye shairi la mizani kumi na sita. Kazi iko mshororo wa nne. Kina chake, ambacho washairi hukiita bahari, hakibadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, na tenzi hii ina beti zaidi ya 100. Kwa nini mtunzi hakuishiwa maneno? Kachagua -ia. Lugha yetu ina kauli ya kutendea: ambia, tilia, patia, ombea ikikaribia tu. Ni ghala lisilokauka, mradi kitenzi kiwekwe mwisho. Kwa msikilizaji, -ia hiyo ni kengele: ubeti umefungwa, wa pili unakuja.

Jaribu mwenyewe na wasia wake wa kwanza:

La kwanda kamata dini
faradhi usiikhini
na sunna ikimkini
ni wajibu kuitia

Ukipata saba kwenye mshororo wa tatu, rudi kwenye m.