Kisiki hai: msitu unaorudi wenyewe

Pita barabara ya Mingoyo kwenda Masasi mwezi wa kumi, jua limekausha kila kitu na mvua haijaanguka hata tone. Pembeni kuna mashamba yaliyofyekwa na kuchomwa tayari kwa msimu. Angalia chini, kwenye majivu. Utaona vishada vya majani mekundu, mororo, vimetoka kwenye mabaki ya miti iliyokatwa. Maji ya kuchipua vimeyapata wapi? Chini kabisa, ambako panga halikufika. Mti ule ulikatwa kiwiliwili tu, mizizi yake iko hai na inafanya kazi.

Hicho ndicho kisiki hai. Jina hilohilo limekuwa jina la njia ya kukisaidia kisiki kirudi kuwa mti. Hapa kwetu Tanzania limeenea zaidi kutoka Dodoma, ambako shirika la LEAD Foundation limewafundisha wakulima wengi kuifuata. Njia yenyewe ilipata umaarufu nchini Niger miaka ya 1980, kupitia Mwaustralia aitwaye Tony Rinaudo. Alikuwa amehangaika kupanda miche jangwani na miche inakufa, mpaka akagundua kwamba vile alivyodhani ni vichaka ni visiki vya miti mikubwa vinavyojaribu kuinuka. Wakulima wa Niger wamerudisha miti katika hekta zipatazo milioni 5 kwa njia hiyo.

Kazi yenyewe ni ndogo. Kisiki kikiachwa hutoa machipukizi kumi, ishirini, yanayogombania chakula kimoja na kubaki kichaka. Unachagua matatu hadi matano yenye afya, mengine unayakata kwa panga kali. Yale uliyoyabakiza unayapogolea matawi ya chini ili yapande juu. Mkulima wa korosho hahitaji kufundishwa hapo, mkono wake umeshazoea. Kisha unakiwekea alama, na unakilinda.

Wataalamu huiita kazi ya namna hii urejeshaji wa uoto wa asili. Mimi napenda zaidi kusema kurudisha mwitu, maana neno mwitu tunalo na tunalielewa: ni kile kinachoota na kuishi bila kuagizwa na mtu. Tofauti yake na kupanda miti ni kubwa kuliko inavyoonekana. Anayepanda anaamua mti gani uote na wapi, mara nyingi aina moja kwa mistari. Anayerudisha mwitu anakubali kile ambacho ardhi yenyewe imekihifadhi: mtondo, myombo, mpingo, pamoja na nyasi, nyuki na ndege wanaofuata nyuma.

Kusini tuna ushahidi wa kinyume chake pia. Mpango wa karanga wa Waingereza, 1947 hadi 1951, ulileta matingatinga Nachingwea, kama ulivyoyapeleka Kongwa. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Kilichowatesa wenye mashine kuliko shina ilikuwa mizizi, na mizizi ndiyo waliyokuwa wakiing'oa. Babu aliyefyeka kwa shoka, akalima misimu michache na kulilaza shamba, aliacha msitu mzima umelala ardhini. Kilimo cha kuhamahama cha leo, hasa cha ufuta unaopenda ardhi mpya, bado huacha visiki. Shida ni kwamba shamba halilali tena muda wa kutosha, na moto wa kila mwaka unayaunguza machipukizi.

Kwa hiyo, kati ya zile hatua za kisiki hai, ngumu ni mbili za mwisho, alama na ulinzi. Hizo zinahusu watu, na hapo ndipo sanaa na chakula vinapoingia.

Alama ya kawaida ni kipande cha kitambaa kilichofungwa kwenye chipukizi. Kipande cha khanga kuukuu kinatosha. Anayepita na panga anasoma: huu una mwenyewe. Ukifunga visiki mia mbili kwa vitambaa vya rangi, shamba zima linasema, na hiyo tayari ni sanaa ya hadhara, yaani sanaa iliyowekwa mahali ambapo kila mtu anaiona bila kulipa wala kualikwa. Kijiji kinaweza kwenda mbele zaidi: kuchora ramani ya msitu ukutani mwa ofisi ya kijiji, au kusimamisha kinyago penye njia panda inayoingia msituni.

Nchi ya Wamakonde haihitaji kuambiwa kwamba kinyago kina nguvu. Lipiko, yaani mchezaji aliyevaa kinyago usoni, likitoka kwenye ngoma za jando, watu hutii. Na kile kinyago cha ujamaa, watu waliobebana juu kwa juu katika gogo moja la mpingo, kinachohusishwa na Roberto Yakobo Sangwani miaka ya 1950, kinaeleza jambo hili vizuri kuliko bango lolote. Methali inauliza: kinyago nikichonge mwenyewe, kisha kinitishe? Kwa kinyago cha mpaka wa msitu mimi najibu ndiyo, kinitishe, na kitanitisha kwa sababu nilikuwapo kikichongwa. Ndiyo maana naamini picha iliyochorwa na mgeni wa siku mbili hailindi kitu, hata iwe nzuri namna gani. Na kichongwe kutoka gogo lililoanguka. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, haufai kukatwa ili kuutetea msitu.

Sasa chakula. Kiswahili kina maneno mawili ya zamani yanayostahili kutumika tena. Kula bia ni kila mtu kutoa chake, mkapika na kula pamoja. Kula kikoa ni kupokezana, leo kwangu, kesho kwako. Mradi wa kisiki hai unafaa sana kwenda kwa kikoa: leo tunapogolea shambani kwa bibi huyu na yeye anatupikia, wiki ijayo tunahamia kwa jirani. Jambo kubwa ni nani anakaa kwenye sinia. Awepo mchoma mkaa. Awepo mama anayekata kuni. Awepo mfugaji, maana tangu 2006 na 2007 wafugaji wengi walihamia mkoa wa Lindi na ng'ombe wao, na ng'ombe hapiti chipukizi bichi akaliacha. Mtu uliyemega naye ugali wa muhogo utamwambia, "Kaka, naomba ng'ombe wapitie upande ule," naye atakusikia. Mtu unayemwona kwenye mkutano tu, mtaanza kwa kulaumiana.

Baada ya hapo makubaliano yaandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya 1999, na Sheria ya Misitu, namba 14 ya 2002, zinakiruhusu kijiji kutenga msitu wake wa hifadhi na kutunga sheria ndogo kupitia Mkutano Mkuu wa Kijiji. Si ndoto ya mbali: mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa, Kikole kikiwamo, ilipata cheti cha usimamizi mzuri cha FSC, baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu, na mpingo wake ukaanza kuuzwa na wanakijiji wenyewe.

Kwenye sinia la kikoa, mimi ningeweka ming'oko. Ni kiazi cha mwitu, hakilimwi, kinachimbwa vichakani mvua zikikatika, mara nyingi na kina mama na watoto, kinachemshwa kwa chumvi na kuliwa na chai. Mtwara mjini utakikuta kinauzwa barabarani. Kichaka kikifyekwa chote, ming'oko nayo inakwisha, kwa hiyo kila anayeila anakula msitu. Ukichimba, kata kiazi, kichwa chake ukiache kwenye mzizi na shina lake, kisha fukia shimo. Mvua zikirudi, kitachipua.