Ukingo Ndio Wenye Kazi: Kichocheo cha Matabaka cha Kutoa Hidrojeni Kwenye Maji

Chukua chembe ya kinywe, madini yale ya Ruangwa, uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Itateleza na kuacha weusi unaong'aa. Kinywe ni matabaka ya kaboni yaliyolaliana: ndani ya tabaka moja atomi zimeshikana kwa nguvu, lakini tabaka na tabaka yamegusana tu. Molibdenamu disalfaidi imejengwa kwa mtindo huohuo, molibdenamu katikati, salfa juu na chini, na unene wa tabaka moja ni karibu nanometa 0.65. Mafundi magari wanaitumia kila siku, kwa maana imo kwenye ile grisi nyeusi ya jointi za magurudumu ya mbele.

Unga wa molibdenamu disalfaidi unaweza kuwa kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kwisha, cha kutoa hidrojeni kwenye maji kwa umeme, badala ya platini, ambayo ni adimu na ghali mno. Tatizo ni kwamba ule uso bapa unaoifanya grisi iteleze hauna kazi kabisa kwenye kichocheo. Salfa ya juu ya uso imekwisha kushiba vifungo, haishiki hidrojeni. Kazi inafanyika ukingoni, pale tabaka linapokatika na atomi zikabaki na nafasi wazi. Mwaka 2007 watafiti nchini Denmark walionyesha kwa vipimo kwamba kasi ya kutoa hidrojeni inafuata urefu wa kingo, wala si ukubwa wa eneo.

Mtwara ina gesi ya Mnazi Bay, na hidrojeni nyingi duniani hutengenezwa kutokana na gesi asilia. Lakini kila kilo ya hidrojeni inayopatikana hivyo huacha takriban kilo 9 hadi 10 za kaboni dioksaidi. Kuipata kwenye maji kunataka lita 9 za maji kwa kilo, pamoja na uniti 50 hadi 55 za umeme, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU. Kila volti 0.1 inayopotea kwenye elektrodi, kile kipande kinachoingiza umeme majini, inaongeza karibu uniti 2.7 kwa kilo. Hapo ndipo kichocheo kizuri kinapolipa.

Njia ninayoipendekeza kwa maabara ya chuo ni ya kupika kwa maji na shinikizo. Yeyusha gramu 1.24 za amoniamu heptamolibdeti, chumvi inayotoa molibdenamu, na gramu 2.28 za thayourea, inayotoa salfa, katika mililita 35 za maji yaliyochujwa ioni. Koroga mpaka maji yawe angavu, mimina kwenye kopo la teflon la mililita 50, lifunge ndani ya chungu chake cha chuma, kisha weka kwenye oveni nyuzi 220 kwa saa 18. Usizidishe ujazo, maana maji yanatanuka na shinikizo linapanda. Teflon nayo kwa joto hilo iko mwisho wa uwezo wake, kwa hiyo likague kopo kila mara kama limepinda.

Thayourea hiyo ni zaidi ya mara mbili ya inayohitajika, gramu 1.07 zingetosha kutoa salfa yote. Ziada imewekwa makusudi. Inang'ang'ania kwenye fuwele zinazokua na kuzizuia zisinyooke, matabaka yanatoka na nyufa, na kila ufa ni ukingo mpya. Anayepunguza thayourea ili kubana matumizi anapata fuwele nzuri kwa macho, lakini dhaifu kwa kazi.

Acha chungu kipoe chenyewe, ukifungue ndani ya kabati la kufyonza hewa. Harufu ya yai viza ni hidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu, na ikizidi pua inakufa ganzi, kwa hiyo usidhani imekwisha kwa sababu huisikii. Maji ya juu yakiwa na rangi ya bluu, jua kuna molibdenamu ambayo haijapata salfa ya kutosha. Osha unga kwa maji na ethanoli mara kadhaa, ukaushe kwenye ombwe kwa nyuzi 60. Ukiukausha kwa haraka kwenye oveni ya wazi matabaka yanashikana upya, na kingo zinaungua kwa oksijeni kabla ya sehemu nyingine zote.

Kupima, changanya miligramu 4 za unga na mililita 1 ya maji na ethanoli pamoja na mikrolita 80 za Nafion (plastiki ya kimiminika inayogandisha unga) ya asilimia 5, itikise kwa mawimbi ya sauti nusu saa, kisha dondoshea mikrolita 5 kwenye elektrodi ya kaboni yenye kipenyo cha milimita 3. Elektrolaiti, yaani maji yanayopitisha umeme, iwe asidi ya salfuriki ya moli 0.5 kwa lita. Kosa linaloharibu matokeo mengi ni kutumia waya wa platini kama elektrodi ya upande wa pili. Platini inayeyuka kidogo kidogo, inahamia kwenye kichocheo chako, na baada ya saa chache unapata namba nzuri ajabu ambazo ni za platini. Tumia fimbo ya kinywe. Unga mzuri wa aina hii, bila kuchanganywa na kaboni, huhitaji milivolti 150 hadi 200 za ziada juu ya volti ya nadharia kufikisha miliampea 10 kwa sentimita ya mraba.

Maji ya Ghuba ya Mikindani yapo tele, lakini usiyamwage moja kwa moja kwenye mtambo. Kwenye anodi, elektrodi chanya, kloridi ya chumvi inageuka klorini. Kwenye kathodi, elektrodi hasi inayotoa hidrojeni, alkali inapanda, magnesiamu inaganda kuwa utando mweupe kama chokaa, nao unaziba palepale hidrojeni inapotokea, kwenye kingo. Yatoe chumvi kwanza. Utando ukishatokea, zima umeme, itoe elektrodi na uiloweke kwa muda mfupi katika asidi hafifu mpaka weupe uishe.