Eti mtoto kagongwa kwa uzembe wake

Kila mkutano wa mtaa ninaoitwa kuzungumzia usalama wa barabara hapa Dar es Salaam, husimama mzee mwenye heshima zake na kusema: "Tatizo ni elimu. Watu wetu hawajui kuvuka." Nimechoka kulisikia neno hilo, maana likishapita hakuna anayeuliza tena barabara yenyewe imejengwaje.

Tupige hesabu. Gari la kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao sheria yetu inauruhusu kwenye makazi, hukata karibu mita 14 kwa sekunde. Dereva makini huhitaji kama sekunde moja tangu amwone mtoto hadi mguu ukanyage breki. Mita 14 zimekwisha na gari halijapunguza chochote. Litataka nyingine kiasi hicho ndipo lisimame. Gari la kilomita 30, lami ikiwa kavu, linasimama ndani ya mita 13 hivi. Mtoto aliye mita 13 mbele ya gari la kwanza anapigwa na mwendo wote ule. Mbele ya la pili, anafokewa na kurudi nyumbani kwao. Semina gani ingemwokoa hapo? Tena mtoto wa darasa la pili, hata mkimfundisha kutwa, hajafikia umri wa kukadiria sawasawa kasi ya gari linalomjia.

Dereva naye hutii umbo la barabara kuliko kibao. Mwekeeni lami pana iliyonyooka toka kituo cha daladala hadi sokoni, ataifungulia tu. Pembeni, mtaro uko wazi, na kipande kilichobaki kimejaa meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Mama mwenye ndoo kichwani anashuka barabarani kwa kuwa hana pengine pa kukanyaga, akigongwa tunasema alikuwa mzembe. Inaniuma sana.

Jijini humu humu, Amend, shirika la usalama wa barabara, lilikwenda kwenye shule za msingi ambako watoto walikuwa wakigongwa, likajenga njia za miguu, matuta na vivuko, na penye haja likahamisha hata geti la shule. Elimu ilitolewa pia, lakini barabara ilirekebishwa. Mwaka 2019 mpango huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya World Resources Institute (WRI), taasisi ya utafiti. Mfano uko nyumbani, tunautafuta wapi tena?

Najua mtanijibu: "Matuta yanaharibu magari." Yanayoharibu ni yale ya kifusi na saruji mnayomwaga usiku kwa hasira baada ya msiba. Tuta la kitaalamu lenye mgongo wa duara huwa na urefu wa kama mita 3.7 kufuata mwendo wa gari, na kimo kisichozidi sentimita 10. Ukienda mwendo wa mtaani hudhuriki.

"Tujengewe daraja la juu." Kwenye barabara kuu, sawa. Mtaani, nani atapanda ngazi zote hizo na kapu la sokoni, au na goti bovu? Barabara ya Thika kule Nairobi ina madaraja mengi, na bado wako wanaokatiza chini.

"Zebra ikichorwa inatosha." Rangi haimsimamishi mtu. Mimi siku zote nashauri kivuko kiinuliwe juu ya tuta bapa, kilingane na njia ya miguu, kisha kiwekewe taa. Gari litapunguza litake lisitake.

Na msiseme maeneo ya wazi ni anasa. Mkishauza uwanja wa mpira, watoto hawaachi kucheza, wanahamia barabarani.

Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini; barabara kuu ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Waandikieni. Barua ipitie ofisi ya serikali ya mtaa, iambatane na picha za mahali penyewe, ionyeshe saa ambazo watoto huvuka kwa wingi na kila ajali mnayoikumbuka. Msiombe "elimu kwa wananchi". Ombeni tuta, kivuko na njia ya miguu, na mtaje vikae wapi.